Muhtasari wa Jumamosi Ijayo

“Ombi la Kibali cha Kukutanika, Aina ya Pili: Chama cha Wachunguzi wa Karata za Taroti, Kamalondo.” Ombi hilo lilipofika, ofisi ya serikali ya kikoloni ilimtuma rafiki yetu Anaclet akakague. Alikuwa karani aliyengojea ile kadi inayothibitisha kwamba mtu mweusi amestaarabika. Jina lake likionekana kati ya wapiga ramli, angeikosa.

Mwenyekiti, fundi cherehani Kapya, alikuwa amefunga mapazia mchana kweupe. Wanachama sita, yeye akiwemo, walilaza mikono mezani, lakini karata zilisikika zikichanganywa chumba cha pili.

“Nani iko kule?” Anaclet aliuliza.

“Hakuna muntu, monsieur. Soma tu kitabu,” Kapya alisema, akimsogezea kitabu cha muhtasari.

Muhtasari wao uliandikwa kabla ya mkutano, kama karata zilivyosema. Kisha walikutana kuuhakiki. Anaclet alicheka, maana hata serikali haijafika huko. Akafungua ukurasa wa Jumamosi ijayo: mhudhuriaji wa saba alikuwa yeye, na saini ilikuwa yake.

“Miye sikusaini hapa!”

“Bado, monsieur,” Kapya alimjibu kwa upole.

Anaclet aliuchana ukurasa, akapendekeza ombi likataliwe, akaapa kutorudi.

Jumamosi, saa tisa alasiri, aliketi kwenye kiti cha saba mezani kwa Kapya, akautia saini muhtasari.