Somo Lililopigwa Bandi

Siku mjomba alipofariki, suruali ya mwoka mikate ilibaki juu ya cherehani ikiwa na mguu mmoja. Mguu wa pili ulikuwa umekunjwa kando, una alama za chaki. Hakuna aliyeugusa. Mama alifunika cherehani kwa shuka, akafunga mlango wa chumba cha kushonea, akaenda kuwapokea watu waliokuja kutoa pole.

Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama, na kazi yake tangu ujana ilikuwa ufundi wa nguo. Chumba chake kilikuwa upande wa mbele wa nyumba, kinatazama barabara. Kila siku saa tisa na nusu, mpwa wake aliporudi kutoka shule, aliingia mle kwanza kabla hata ya kuvua viatu. Wawili hao walizoea kuitana "mjomba", mkubwa kwa mdogo, hata mpita njia aliyesikia "Mjomba, nipe mkasi," na "Shika, mjomba," angedhani ndani kuna wazee wawili. Watu wengine wote walimwita msichana huyo Sindano, kwa sababu alikuwa mwembamba, na pia kwa sababu ulimi wake haukuwa butu.

"Haya mjomba, leo mmekata nini?" ndivyo mjomba alivyouliza kila siku, akimaanisha wamesoma nini. Sindano alikaa kwenye kigoda akamweleza. Mjomba alishona huku akiuliza maswali yake ya ajabu.

"Unasema maji ya dimbwini yanapanda angani. Mbona sijayaona yakipita dirishani?"

Sindano alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akatafuta namna nyingine ya kumfafanulia, kwa kuwa mjomba aliacha shule darasa la nne. Kwa Sindano yalikuwa mazungumzo tu. Kusoma, alivyoelewa yeye, ni kule kukaa mezani na kufungua daftari, na hilo alilifanya kwa nadra sana. Hata hivyo hakuwahi kutoka nje ya kumi bora, na hakujiuliza kwa nini.

Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Baada ya mazishi Sindano aliapa moyoni kwamba sasa atasoma kwelikweli. Alitumia siku mbili kuchora ratiba kwa kalamu za rangi saba. Halafu akaanza kunakili madaftari yake yote kwenye madaftari mapya, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, maana ya maneno kwa wino wa kijani. Mwandiko ulipangika kama shanga kwenye uzi. Mama alipopita mezani alitikisa kichwa kwa furaha, akamsogezea kikombe cha chai.

Wiki ya tano ukaja mtihani wa majaribio. Katika wanafunzi arobaini na sita, Sindano akawa wa thelathini na tatu, chini ya alama ya kufaulu.

Mwalimu wa darasa alimwita kando. Hakumkaripia, na hilo lilimuuma zaidi. "Zimebaki wiki saba," alisema. "Ukifanya hivi siku yenyewe, habari za sekondari utakuwa unasimuliwa na wenzako. Una tatizo gani?"

"Sijui, mwalimu. Nasoma kuliko zamani."

Alirudi nyumbani akiburuta miguu. Akakuta mlango wa chumba cha kushonea uko wazi.

Mama alikuwa amekifungua asubuhi ile, akamkabidhi funguo Mama Vifungo. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye kwa miaka mingi alikaa kwenye kona ya chumba hicho akitia vifungo na kutoboa matundu yake kwa mkono. Sasa alikuwa amehamia kwenye cherehani, na mbele yake alisimama mwoka mikate.

"Nimeivaa ile ya zamani mpaka magoti yanachungulia nje," mwoka mikate alikuwa akilalamika.

"Jaribu hii kwanza. Ingia nyuma ya pazia."

"Si ungeimaliza tu? Vipimo vyangu alivichukua marehemu mwenyewe."

"Alivichukua kabla hujala mikate ya wiki tano. Ingia."

Alitoka nyuma ya pazia amebana pumzi, mkono mmoja umeshika kiuno ambacho ncha zake hazikuweza kukutana. Sindano, pamoja na huzuni yake yote, aliuma midomo asicheke.

"Sasa imeharibika?" mwoka mikate aliuliza.

"Imeharibika wapi? Hii nimeipiga bandi tu." Mama Vifungo akaonyesha mishono mirefu ya uzi mweupe iliyoshikilia kiuno na miguu. Aliuvuta uzi mmoja, ukatoka wote kama mkia wa panya, na kitambaa kikaachia bila hata tundu. "Kama ningekimbilia cherehani, hapa tungekuwa tunalia wote wawili. Natoa kidogo ubavuni, kidogo nyuma. Njoo kesho kutwa, na usinenepe kabla ya hapo."

Mwoka mikate alipoondoka, Mama Vifungo alimtazama msichana mlangoni. "Na wewe, uso umekunjamana kama shati lililokaliwa. Nani kakukalia?"

Sindano akatoa karatasi ya matokeo. Kisha, kama mtu anayejitetea, akatoa na madaftari yake mapya.

Mama Vifungo aliyapekua taratibu, jani kwa jani. "Mazuri sana haya," alisema. "Hata kitambaa cha arusi hakipangwi hivi." Halafu akaifungua ratiba ya rangi saba, akaisoma kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku. "Hapa saa ya kwenda chooni iko wapi?"

"Sikuiweka."

"Uliifuata siku ngapi?"

Sindano akatazama vidole vyake. "Siku ya kwanza, mpaka saa mbili asubuhi."

Mama Vifungo alicheka mpaka miwani ikateleza. Kisha akalifunga daftari la hesabu, akalikalia. "Haya, niambie. Sita gawanya kwa nusu ni ngapi?"

"Kumi na mbili. Unageuza nusu juu chini, halafu unazidisha."

"Kwa nini unageuza?"

"Mwalimu alisema tugeuze."

"Mimi nikigawa kitu kinapungua. Wewe umegawa, kimeongezeka maradufu. Hizo ni hesabu au mazingaombwe?"

Sindano akaanza kuitafuta sababu kichwani. Aliiona kanuni ile mbele ya macho yake, kwa wino wa kijani, na chini yake mstari mwekundu. Ilikuwa nzuri na haikumsaidia kitu. Aliomba apewe daftari angalau kidogo.

"Nimelikalia, na mimi si mwepesi wa kuinuka."

Basi akatazama huku na huku. Juu ya meza palikuwa na bunda la utepe wa kushonea mapindo. Alilichukua, akapima mita sita kwa futikamba, akaanza kukunja nusu mita, nusu mita, huku midomo ikihesabu. Alipofika mwisho alisimama ghafla.

"Vipande kumi na mbili," alisema. "Sikugawia watu wawili. Nimeuliza nusu ngapi zimo ndani ya sita. Kila mita moja inatoa mbili. Ndiyo maana zinakuwa nyingi."

"Sasa hilo limekukaa," alisema Mama Vifungo, akainuka na kumrudishia daftari. "Sikiliza, mwanangu. Wewe umepiga pasi kitambaa ambacho hakijashonwa. Kinang'aa, lakini mtu hawezi kukivaa. Kunakili si kujua. Funga daftari, jieleze mwenyewe, uone panapobana. Pakibana, fumua, rudia. Hiyo ndiyo bandi. Mjomba wako alikufanyia hivyo kila siku, mimi nikiwa kona ile nasikia."

"Yeye alikuwa anauliza kwa sababu hajui. Aliishia darasa la nne."

"Darasa la nne ni kweli. Lakini unadhani mtu aliyepiga pasi nguo mbichi miaka thelathini hajui mvuke unakwenda wapi?"

Sindano akageuka. Pasi ya mjomba ilikuwa pale pale kwenye meza, imesimama wima, na dirisha juu yake. Akaanza kucheka, na katika kucheka kule machozi yakamtoka. Mama Vifungo akampa kipande cha kitambaa cha pamba, akamwambia ni cha kupangusia pua, asikirudishe.

Walipotulia, Mama Vifungo akatandaza karatasi ya kaki ile ya kukatia ramani za nguo. "Mtihani tarehe ngapi? Iandike huku mwisho. Fundi haanzi kuhesabu leo. Anaanza siku ya mteja kuchukua nguo, anarudi nyuma."

Wakarudi nyuma wiki kwa wiki. Kila siku masomo mawili tu, dakika arobaini kwa kila moja, mapumziko katikati. Yale yanayomshinda yatangulie akiwa bado hajachoka. Jumamosi asubuhi, kujibu mtihani wa mwaka uliopita huku akitazama saa. Saa tatu usiku, kulala. "Mimi nikishona huku nasinzia, kesho yake kazi yangu ni kufumua," alisema Mama Vifungo. Mwishoni akamwambia aache alasiri moja tupu kila wiki.

"Ya nini?"

"Ya pindo. Kuna siku utaumwa, au mama atakutuma, au mvua itanyesha ndani. Ukikata kwa kipimo kamili, huna pa kutolea."

Kuanzia kesho yake, Sindano alisoma, akafunga daftari, kisha akaeleza. Mama Vifungo hakuwa na upole wa mjomba. Jibu likiwa la kukariri, alijifanya amelala, akakoroma. Wiki ya pili Sindano alishikwa na homa, akapoteza siku moja. Alasiri ya pindo ikaifidia, naye akashangaa jinsi jambo dogo hivyo lilivyomtuliza.

Jirani yao mmoja, msichana wa darasa lake aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna aliyejua kitufe chake cha kuzimia, alikuja kuchungulia.

"Mimi kitabu cha sayansi nimekimaliza mara nne," Redio alitangaza.

"Vizuri. Kifunge, utueleze moyo unafanyaje kazi," alisema Mama Vifungo.

"Nikikifunga nitasomaje?"

"Ndilo swali lenyewe."

Redio akaanza kwa mbwembwe, akaipeleka damu kwenye mapafu, akashindwa kuitoa. "Mgonjwa wako amekufa," Sindano alimwambia. Redio alinuna kama dakika mbili, ambazo kwake zilikuwa nyingi mno, kisha akavuta kigoda. Toka siku hiyo wakawa wanaulizana. Sindano aligundua kwamba sehemu aliyoweza kumfafanulia Redio bila kugombana haikumtoka tena kichwani.

Si kwamba kila kitu kilinyooka. Katika mtihani wa pili wa majaribio alikuwa wa kumi na tisa, naye alitarajia kuingia katika kumi. Alitaka kuichana karatasi. Mama Vifungo aliichukua, akazungushia chaki maswali aliyokosa, kama anavyozungushia mahali panapobana. Yalikuwa tisa, na sita kati ya hayo yalihusu eneo na mzingo. "Umeona? Hujaharibikiwa nguo nzima. Kwapa tu." Wiki mbili zilizofuata wakapima meza, mlango, shuka na mkeka, mpaka mama akauliza kama nyumba inauzwa.

Siku ya mtihani Sindano aliamka amelala vya kutosha, akanywa uji wake wote. Katika chumba cha mtihani alipitia karatasi nzima kwanza, akaanza na aliyoyaweza, akayarudia yaliyobaki. Swali moja la sayansi lilimshinda kabisa. Aliandika kile alichojua, akaendelea.

Matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa shule mwezi mmoja baadaye. Redio ndiye aliyefika kwanza, na kabla Sindano hajaona ubao tayari mtaa mzima ulikuwa na habari: Sindano wa sita, Redio wa kumi na nne, wote wamefaulu kwenda sekondari. Mama alimkumbatia, akamshikilia kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Halafu akasema, "Twende tukamwambie fundi."

Mama Vifungo alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja.

"Nilijua," alisema. "Si kwa sababu una akili, ingawa unazo. Nilijua kwa sababu hukungoja siku ya mtihani ndipo ujue panapobana. Kusoma ni kukata kitambaa tu, watoto wengi huishia hapo. Jipangie siku zako, jipime mwenyewe mapema, rekebisha kabla ya wakati, ulale. Hakuna siri nyingine, na huko sekondari kazi ni hiyo hiyo."

"Ahsante, Mama Vifungo."

"Mshukuru na mjomba wako. Mimi nimemalizia tu alipoachia."

Mama akaangalia pembeni, akanyoosha ile shuka ya kufunikia cherehani, ambayo haikuwa imekunjamana. Sindano akaomba sindano na uzi, akamsaidia fundi kutia vifungo vya shati la mteja, vitano mbele na kimoja kwenye kola.

Mwezi ujao Sindano anaanza kidato cha kwanza. Shule iko mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, kwa hiyo atakuwa anatoka nyumbani saa kumi na mbili na robo asubuhi, pamoja na Redio.