Mwito Alioitikia Haruna Akiwa Kobe

Rafiki yangu Haruna, muuza injini za mitumbwi hapa mjini Baraka, si mtu wa uongo. Alikuwa Kobe, mji wa ng'ambo, mbali mashariki, kununua mali. Jioni alipita mtaa wa maduka ya kifahari na mikahawa, akimtafutia mkewe Nuru zawadi, mara taa zikazimika. Kimya kikatanda. Gizani akasikia mama yake akimwita. Kwetu hatuitikii mwito wa kwanza wa mtu tusiyemwona. Haruna akasahau.

“Naam, mama!”

Taa zikawaka. Akampigia Nuru simu kuuliza habari za mama; Baraka ilikuwa bado mchana.

“Mama alisahau uko safari, akakuita kula,” Nuru alisema akicheka. “Na we ukaitika kule mu chumba! Ulirudia nyumbani lini?”

Nyuma ya kicheko hicho, Haruna akasikia komeo la chumba chao likifunguliwa, kisha kikohozi chake mwenyewe.