Mashine za Mwisho Dukani kwa Mama

Kila siku kengele ya mwisho ya shule ilipolia, Spika alikwenda moja kwa moja dukani kwa mama yake. Alivua sweta ya shule, akaitundika nyuma ya mlango, kisha akachukua kitambaa na kufuta vumbi kwenye makasha yaliyopangwa rafuni. Akimaliza, aliwasha runinga kubwa iliyoelekea mtaani na kuweka mchezo wa mbio za magari ili wapita njia wavutiwe. Duka hilo liliuza mashine za michezo ya runinga, zile ambazo wengi huziita gemu tu. Kaka yake, aliyekwisha maliza shule, alikaa nyuma ya pazia na bisibisi zake, akitengeneza zilizoharibika.

Spika halikuwa jina lake halisi. Alipewa jina hilo darasa la kwanza kwa sababu hakujua kunong'ona. Akisema jambo darasani, hata mpishi wa shule alilisikia. Lakini dukani sauti hiyo ilikuwa mali. Mtu aliyeingia kuuliza njia alitoka amebeba kitu mkononi.

"Huyu anaweza kumuuzia mwenye kipara chanuo," kaka yake alipenda kusema.

Mwaka huo, hata hivyo, chanuo halikuuzika kirahisi. Mashine waliyokuwa wakiiuza ilikuwa sokoni tangu Spika hajajua kusoma, na sasa watu walikuwa wakisema kwamba kampuni inatengeneza mpya. Wateja waliingia, wakaligeuza kasha huku na huku, wakasoma maandishi ya nyuma, kisha wakalirudisha rafuni. "Tutarudi," walisema. Mama alikuwa mzoefu wa biashara. Alijua kwamba anayesema "tutarudi" akiwa ameshika mlango harudi.

"Mtaji wetu wote umelala kwenye makasha haya," mama alimwambia kaka siku moja. "Mpya ikitoka kabla hatujayauza, yatadoda hapa hapa. Na hatutakuwa na cha kuagizia hiyo mpya."

Spika alikuwa akifagia. Akaegemeza ufagio ukutani.

"Niachie mimi, mama," alisema. "Hayatadoda."

Siku chache baadaye mama alitoka kwenda kwa muuzaji wa jumla. Kaka alikuwa nyuma ya pazia, feni yake ikivuma. Akaingia mama mmoja muuguzi, bado amevaa sare nyeupe ya kazini. Spika alimwamkia, akamsogezea kiti.

"Nataka zawadi ya mwanangu," muuguzi alisema. "Amefanya vizuri shuleni, na nilimwahidi. Lakini nasikia kuna mpya inakuja. Ni kweli?"

Spika alijua kuwa ni kweli. Kaka yake alikuwa amelisema jambo hilo asubuhi hiyo hiyo wakinywa chai. Lakini aliyaona makasha rafuni, akakumbuka ahadi yake.

"Ni uvumi tu wa mitandaoni, mama," alijibu bila kusita. "Hakuna mpya. Hii ndiyo yenyewe."

Muuguzi alimtazama, akatabasamu. "Basi nimekuamini. Watu wazima wenye maduka wana maneno mengi. Mtoto ukimuuliza, anakujibu."

Alilipa, akaondoka na kasha kwapani. Mama aliporudi na kuona pengo rafuni, alimpiga Spika begani kwa furaha. Spika alifurahi pia, ila hakusimulia mazungumzo yalivyokwenda.

Uongo huo haukuishi hata wiki. Kampuni ilitangaza kwenye taarifa ya habari kwamba mashine mpya ingefika madukani muda si mrefu. Kesho yake, wakati wa mapumziko, Spika aliona wavulana wamemzunguka mwenzao mmoja wanayemwita Kipa, kwa kuwa alikuwa mlinda lango wa timu ya shule. Kipa alikuwa mtoto wa yule muuguzi.

"Kipa leo kafungwa bao," mmoja wao alisema, na wengine wakaangua kicheko. "Tena bao la mbali. Si ulituambia hakuna mpya?"

Kipa aliwaacha, akamfuata Spika karibu na bomba la maji.

"Mama alikuuliza," alisema taratibu. "Ukamwambia hakuna. Nami nikawaapia wenzangu wote kwamba duka lenyewe limesema. Ulikuwa unajua?"

"Sikujua," Spika alijibu. Huo ukawa uongo wa pili, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika mbali.

Habari zikasambaa kutoka uwanja wa shule hadi majumbani. Jumamosi, baba mmoja alisimama kwenye kizingiti cha duka na mwanawe, akauliza, "Hapa ndipo wanapowaambia watu hakuna mpya?" Hakungoja jibu. Akamshika mtoto mkono, wakavuka barabara. Mama alibaki ameduwaa, hajui amekosea nini. Mchana kutwa hakuingia mteja mwingine. Spika aliifuta rafu ile ile mara kadhaa, akimtazama mama yake kwa pembe ya jicho.

Mwishowe akaweka kitambaa chini. "Mama, ni mimi," alisema, akaeleza yote, pamoja na uongo wa pili.

Mama hakupiga kelele. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwita kaka akae kaunta.

"Vaa viatu vyako vizuri," alimwambia Spika. "Uongo ulimwambia mtu hapa mlangoni kwetu. Ukweli tutampelekea mlangoni kwake."

Nyumbani kwa muuguzi walimkuta akipiga pasi sare zake. Sakafuni, mbele ya runinga, Kipa na binamu zake wawili walikuwa wakicheza mpira kwenye mashine ile, wakisukumana kwa mabega. Walipomwona Spika, wakausimamisha mchezo.

Spika alisimama katikati ya sebule. "Shikamoo, mama. Nimekuja kukuomba msamaha. Siku ile nilijua kuwa mpya inakuja, nikakudanganya ili ununue. Na Kipa naye nilimdanganya."

"Mashine tuko tayari kuipokea," mama yake aliongeza, "na pesa yako yote nitakurudishia leo."

Muuguzi alisimamisha pasi. Akawatazama watoto sakafuni, kisha akamtazama Spika.

"Hawa wa dada yangu wanayo mashine kama hii kwao," alisema. "Wanaazimana diski na mwanangu. Hiyo mpya mimi siiwezi, na hata ningeiweza, angecheza na nani? Ungeniambia ukweli, binti yangu, ningenunua hii hii."

Spika hakuamini masikio yake. Usiku mzima uliopita alikuwa amejifariji kwamba uongo ule, ingawa ulikuwa mbaya, angalau ulikuwa umeuza kasha moja. Kumbe haukuuza chochote. Ulikuwa umeharibu tu biashara iliyokwisha kamilika.

"Mashine sirudishi," muuguzi aliendelea. "Kilichoniuma ni kwamba nilikuuliza kwa moyo mweupe."

"Mimi nataka kitu kimoja," Kipa alisema kutoka sakafuni. "Jumatatu uwaambie wenzangu kwamba mwongo ulikuwa wewe, si mimi. Na useme kwa sauti yako ile."

Jumatatu Spika alisema kwa sauti yake ile. Kwenye uwanja wa shule kila mtu alisikia, na mwalimu mkuu alitokeza kichwa dirishani kuangalia kulikoni. Wengine walimcheka. Uso ulimwaka, lakini alimaliza maneno yake yote, na Kipa akaenda zake kucheza mpira bila kutaniwa.

Jioni hiyo Spika alikaa kaunta akiwaza. Kama muuguzi angenunua akijua ukweli, basi huko mtaani kulikuwa na wengine kama yeye. Alichukua ubao wa matangazo unaosimamishwa mlangoni, akaufuta na kuandika kwa herufi kubwa: MASHINE HII INAZEEKA. MPYA INAKUJA. INGIA TUKUAMBIE KAMA HII BADO INAKUFAA.

Kaka alitoka nyuma ya pazia, akausoma. "Wewe unatangaza biashara au unatangaza msiba?"

Mama naye akausoma, mara mbili. Akapunguza bei iliyobandikwa kwenye makasha, kisha akautoa ubao nje mwenyewe.

Watu walianza kuingia kwa sababu ya ule ubao, wengine wakicheka. Spika alibadili mtindo wake. Badala ya kusifia mashine kabla mtu hajakaa, alianza kwa kuuliza. Nani atacheza? Anapenda mchezo gani? Marafiki zake wana mashine ipi? Kijana mmoja alisema anataka michezo mipya kabisa ya mwaka ujao. "Basi usinunue hii," Spika alimwambia. "Subiri." Kijana alimkodolea macho kana kwamba hajawahi kusikia mwenye duka akisema hivyo. Kesho yake alirudi na shangazi yake, mwenye watoto wadogo watatu, na huyo shangazi akanunua.

Kazi iliongezeka. Wanaojiandaa kununua mpya walileta diski zao za zamani kuuza, na kila diski Spika aliisafisha, akaiweka kwenye mashine na kuijaribu. Zilizogoma alizitupa pipani, hata zile zenye picha nzuri. Zilizopona alizipanga kwa mafungu, za watoto peke yake, za mpira peke yake, na kila aliyenunua mashine alichagua fungu lake kwa bei nafuu. Kaka naye aliwahakikishia wateja kwamba mashine hiyo anaijua nje ndani, na vipuri vyake vinapatikana kila mahali.

Msusi mwenye saluni jirani alinunua moja ili watoto wa wateja wake watulie wakati mama zao wanasukwa. Mstaafu mmoja alinunua ya wajukuu, akaketi kuijaribu, akasahau kuondoka. Na fundi wa magari, mikono yake bado ina weusi wa oili, alilipapasa kasha kwa muda kabla ya kusema neno.

"Ilipotoka nilikuwa mwanagenzi gereji," alimwambia Spika. "Nilikuwa naitazama kwenye kioo cha duka, nakwenda zangu. Leo imeshuka mpaka mkono wangu unaifikia."

"Lakini baada ya muda michezo mipya haitatengenezwa kwa ajili yake," Spika alimkumbusha.

"Ya zamani yote sijaicheza," fundi alijibu. "Kwangu mimi ni mipya."

Rafu ikazidi kuwa tupu. Kasha la mwisho lilipotoka, mama aliiangalia nafasi iliyobaki, akachukua simu na kumpigia muuzaji wa jumla kuagiza mashine mpya.

Ilipofika, duka lilijaa siku hiyo hiyo. Wa kwanza kufika kaunta alikuwa yule baba wa kizingitini, na mwanawe.

"Wewe ndiye uliyeandika ule ubao?" alimuuliza Spika. "Hebu niambie. Nyumbani tunayo ile ya zamani, nzima kabisa. Tununue hii?"

Mama alikuwa karibu, ameshika kasha jipya. Spika alimtazama, kisha akamgeukia mteja.

"Ni nzuri sana, baba. Lakini michezo yake bado michache. Kama ya zamani inacheza vizuri, ngojeni kidogo."

Mama akakohoa. Nyuma ya pazia, kaka alishindwa kuzuia kicheko. Yule baba akacheka pia, akamnunulia mwanawe diski mbili zilizotumika, akasema siku ikifika ya kununua mpya hatakwenda duka jingine.

Walipokuwa wakifunga duka, Spika aliuliza, "Mama, umekasirika?"

"Nilikohoa tu," mama alijibu, akivuta mlango. "Sikiliza, mwanangu. Uhodari wako wa kusema ni zawadi, na sitaki uuache. Lakini mashine zote huzeeka, hata hii tuliyoipokea leo. Itafika siku itakuwa rafuni kama ile, na watu watapita wakiikwepa. Siku hiyo wataingia humu ndani tu kama bado wanaliamini neno lako. Mali ikizeeka, unapunguza bei. Neno likishachakaa, mwanangu, hakuna bei ya kulipunguzia."

Akafunga kufuli, akalivuta kuhakikisha limeshika, wakaanza kutembea kwenda nyumbani.