Nahama Chuo, Sikuhami Wewe

"Hilo begi unalipeleka wapi?"

Kitinda alikuwa amelikalia begi lenyewe katikati ya chumba cha bweni, anavuta zipu iliyogoma kukata kona. Mlangoni alisimama mpenzi wake, Jembe, mkoba wa kompyuta begani, penseli sikioni.

"Nahama," Kitinda alisema.

"Unahama chumba?"

"Chuo."

Jembe aliutua mkoba. Akatazama kitanda kilichobaki godoro tupu, akatazama ukuta uliovuliwa picha, kisha akaitazama zipu. Badala ya kuuliza sababu, akapiga goti.

"Sogea kidogo nikufungie. Unaivuta upande."

"Usiiguse."

"Itakatika."

"Ikatike. Ila ikatikie mikononi mwangu."

Jina la Kitinda alikuja nalo kutoka kwao. Alikuwa kitinda mimba, nyuma ya kaka watano, na tangu ajue kutembea hakuwahi kubeba ndoo iliyojaa wala kufungua chupa yenye kifuniko kigumu. Jembe naye alibatizwa na wanadarasa, kwa sababu alilima masomo yake, akalima na ya jirani. Jirani mwenyewe alikuwa Kitinda.

Wote wawili walisoma uhandisi wa mitambo, mwaka wa kwanza. Muhula mzima Kitinda aliishi kama malkia wa nyuki. Michoro, Jembe alichora. Hesabu, Jembe alikokotoa, tena kwa mwandiko wa Kitinda, ambao alishajua kuuiga kuliko mwenyewe. Karakana wakiambiwa wafungue mashine, Jembe alizungusha spana na Kitinda akashika tochi. Maksi za kazi za darasani zilipanda mpaka watu wakaanza kumwomba ushauri.

Halafu ukaja mtihani, ambao kila mtu hukaa peke yake kama maiti. Yaliyofuata kila mtu pale chuoni aliyajua.

"Unajua nilifanya nini kwenye ule mtihani wa karakana?" Kitinda aliuliza, bado juu ya begi. "Niligeuka nyuma kukutafuta. Mhadhiri akaniuliza, unatafuta nini? Nikamwambia natafuta spana. Spana nilikuwa nimeishika."

Jembe alitaka kucheka. Aliyaona macho ya mwenzake, akameza.

"Halafu nikaambiwa nifungue nati. Nikakaza. Nikaona haifunguki, nikakaza zaidi, mpaka bolti ikakatika. Mzee wa watu akavua miwani. Akasema hajawahi kuona mtu aliyetumwa kufungua akafunga mpaka chuma kikafa."

"Ungerudia mtihani tu. Mimi ningekufundisha upya."

"Wewe hujui kufundisha. Unaanza kunieleza, ukifika katikati unaninyang'anya kalamu."

"Kwa hiyo kosa langu ni kukupenda."

"Kosa lako ni kunipenda huku umeshika bisibisi."

Jembe alikaa sakafuni. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na machache aliyokuwa nayo yalikuwa yameisha.

"Unaniacha," alisema.

"Nahama chuo, sikuhami wewe. Nikibaki hapa nitamaliza na cheti chako chenye jina langu. Siku nikiajiriwa, nitakuweka kwenye mkoba?"

Zipu ilikatika. Kitinda alilifunga begi kwa mkanda, akalibeba mwenyewe mpaka kituoni, akipumzika kila alipoona kivuli.

*

Nyumbani habari zilimtangulia. Mama yake, fundi cherehani, alimpokea na pini mdomoni.

"Mwenzio amenipigia. Analia kama mtoto aliyeachishwa ziwa."

"Mama, nimefeli masomo matatu."

"Nimesikia. Na anayekusaidia ndiye unayemkimbia. Wenzio wanawaombea waume zao wapate moyo kama huo. Baba yako nimemwambia abadilishe balbu ya jikoni, mpaka leo tunapika kwa kukisia."

"Balbu ipo njiani," baba alisema kutoka sebuleni.

Kitinda alichukua kiti, akatoa balbu mpya kwenye kabati, ilikokuwa "njiani" kwa muda mrefu, akapanda.

"Shuka, utaanguka," mama alisema. "Ngoja kaka zako waje."

"Mama, zima swichi tu."

Akazungusha kushoto, ikatoka. Akaweka mpya, akazungusha kulia, ikashika. Swichi ilipobonyezwa jiko likawaka, na mama akaona kwa mara ya kwanza jinsi sufuria zake zilivyokuwa na masizi. Hakusema kitu kuhusu Jembe tena siku hiyo.

*

Chuo kipya kilikuwa kidogo, mji mwingine, na huko ilibidi aanze mwaka wa kwanza upya. Karakana ilikuwa bati juu, saruji chini, na katikati mama mmoja mnene mwenye ovaroli iliyopigwa pasi. Jina lake wanafunzi walilisahau zamani, walimwita Mama Karakana.

"Hapa," alimwambia Kitinda siku ya kwanza, "mkono uliofungua ndio unaofunga. Ukipoteza nati, unalala njaa."

Alipangiwa kufanya kazi na msichana mrefu anayeitwa Besi, ambaye pia walikaa naye chumba kimoja. Jina lilitokana na sauti. Besi akiitika kwenye mahudhurio, wageni humtafuta mvulana. Alikuwa na roho safi, ila msaada kwake ulikuwa kama mvua ya kiangazi.

"Nishike wapi?" Kitinda alimuuliza.

"Panaposhikika."

"Nikikosea?"

"Utajua."

Alikosea, akajua. Alivunja, akabandua kucha, akajipaka grisi mpaka kwenye nyusi. Usiku mwingine alilia, asubuhi akarudi. Siku aliyofungua pampu peke yake akairudisha bila nati kubaki mkononi, alimpigia mama yake, na mama akauliza, "Nati gani tena?" lakini kwa sauti ya furaha.

Na Jembe? Walikubaliana masharti kwa simu. Hakuna kutumiana majibu, wanaongea habari zao tu. Hapo ndipo Jembe alipogundua kwamba ukimwondolea hesabu, hana pa kuanzia.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Vizuri." Kimya. "Umeshafika kwenye mada ya joto?"

"Jembe."

"Basi, nimeacha." Kimya kingine. "Umekunywa maji?"

Baada ya muda meseji ikaingia: "Nimetuma kurasa za hesabu kwako kwa bahati mbaya. Usizifungue. Ila ukizifungua anzia ya mwisho."

Kitinda alijibu: "Nimefuta."

"Zote?"

"Zote."

"Hata ile yenye mchoro wa rangi?"

Kitinda alicheka peke yake kitandani. Alimkumbuka, tena sana. Lakini hakumwambia, maana alimjua. Angemwambia "nimekukumbuka", kesho angemkuta mlangoni na kisanduku cha vifaa.

Kilichomleta mlangoni kikawa kitu kingine. Jumamosi moja Jembe alipiga wakati Kitinda ana mikono ya grisi. Alibonyeza simu kwa kiwiko, akaiacha juu ya meza ya kazi.

"Nasikia," alisema, "ila subiri kidogo."

Na sauti ya Besi ikafuata, nzito, ya taratibu: "Legeza kwanza. Usiwe na haraka."

"Naumia kidole."

"Utazoea. Mimi mwanzoni nililia."

Upande wa pili Jembe aliuliza, "Huyo nani?"

"Besi. Mwenzangu."

"Mwenzako wa nini?"

"Wa kila kitu. Si nilikwambia, hata chumba tunakaa pamoja."

Simu ikakatika. Lugha yetu ni tajiri, lakini "yeye" wetu havai suruali wala sketi, na Kitinda, katika simu zote za umekula na umekunywa maji, hakuwahi kukumbuka kusema kwamba Besi ni msichana. Ikaingia meseji: "Kumbe mikono yangu ndiyo iliyokuwa mibaya. Ya Besi sawa. Nimeelewa."

Kitinda alisoma mara mbili kabla hajaelewa. Alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini. Alipopiga kumweleza, simu ya Jembe ilikuwa imezimwa, na ikabaki imezimwa hadi Jumatatu. Kicheko kilikuwa kimeisha kitambo.

Na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa karakana.

*

Kila mwanafunzi alipewa pampu mbovu aitafutie ugonjwa wake. Kitinda alikuwa wa kwanza. Alisimama mbele ya meza, ovaroli imekunjwa mikono, alipomwona mtu anatokea kwenye geti amebeba godoro kichwani na sanduku mkononi. Godoro lilimfunika mpaka machoni, lakini ile miguu aliijua.

Besi alikuwa amekaa kizingitini anangoja zamu yake. Jembe akatua godoro, akaanza kukunja mikono ya shati.

"Namtafuta mtu anaitwa Besi."

"Una shida naye gani?"

Jembe aliisikia sauti. Akatazama nyuma ya msichana, akatazama pembeni, akimtafuta mwenyewe.

"Huyo aliyejibu yuko wapi?"

"Besi ni mimi," Besi alisema. "Na wewe bila shaka ni yule wa kurasa za hesabu."

Jembe alishusha mikono ya shati, mmoja baada ya mwingine. Kisha akakaa juu ya godoro lake.

"Mgeni wa nani huyu?" Mama Karakana aliuliza.

"Wangu, mwalimu," Kitinda alisema.

"Fundi naye?"

"Sana."

"Nimtoe? Maana akifungua mdomo tu, wewe umefeli."

Kitinda alimtazama Jembe. Jembe alitazama sakafu. Ingekuwa rahisi kusema atoke.

"Mwache akae," alisema.

Akawasha pampu. Mota ilinguruma vizuri, lakini kwenye bomba la kutolea halikutoka hata chozi. Akazima. Shingo ikamwasha, ile hamu ya kugeuka nyuma. Hakugeuka. Akashika kifuniko cha pampu, pale yanapokaa mapanga yanayosukuma maji.

Nyuma yake mtu akakohoa.

"Kikohozi nacho ni mdomo," Mama Karakana alisema. "Cha pili nakihesabu."

Kitinda alikijua kile kikohozi. Muhula mzima kilikuwa kinamaanisha *hapo hapo*. Jembe, fundi wa darasa, anasema fungua kifuniko. Na Jembe hakuwa mtu wa kukosea. Spana ilikuwa mkononi, nati ilikuwa mbele yake, na kushoto ilikuwa kufungua.

Akaiweka spana mezani. Akawasha pampu tena, akainama, akaweka sikio kwenye bomba la kunyonya. Mota ilipiga kelele, lakini chini yake kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, kama mtu anayevuta uji wa moto kwa meno. Akachukua maji ya sabuni, akapaka kwenye kiungio. Povu likasimama kidogo, kisha likanyonywa ndani, likapotea.

"Inavuta hewa," alisema. "Pampu ni nzima. Kibanio cha bomba ndicho kimelegea."

"Basi?" Mama Karakana aliuliza.

Kitinda alikaza kibanio, kulia, taratibu, akaacha kiliposhika. Akajaza maji kwenye pampu, akawasha. Bomba lilitapika hewa, likakohoa, halafu maji yakaruka kwa kishindo, yakavuka beseni, yakaenda moja kwa moja kwenye godoro na mtu aliyelikalia.

Jembe hakusogea wala hakusema neno. Maji yalimtiririka usoni, mdomo ameufumba kama kopo.

"Umefaulu," Mama Karakana alisema. "Na mgeni wako ukamwanike."

*

Waliketi nje, godoro likiwa limeegemezwa ukutani linachuruzika.

"Ningekuwa mimi ningefungua kifuniko," Jembe alisema.

"Najua. Umekohoa."

"Ningekufelisha."

"Ungenifelisha."

"Nisamehe na habari ya Besi."

"Ulikuja kumpiga?"

"Nilikuja kuongea naye." Akafikiri. "Nikishindwa, nimpige."

"Angekuvunja. Na godoro?"

Jembe alikamua pindo la shati. "Nilishaomba kuhamia hapa. Niliona bora niwe karibu."

Kitinda aliligeuza godoro upande wa pili. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini.

"Niambie kitu kimoja. Kwa nini ulikuwa unanifanyia kila kitu?"

"Kwa sababu unanitazama vizuri ukiwa umekwama." Alisema bila kuinua macho. "Mimi si mzuri wa sura, maneno sina, hata kucheza siwezi. Niliona siku ukijua kufungua nati mwenyewe, utakuwa na sababu gani ya kukaa na mimi?"

"Jumapili tulikuwa hatuna kazi yoyote. Nilikuwa nakaa na nani?"

Jembe aliinua macho. Ilionekana hesabu hii hakuwahi kuifanya.

"Na mimi," alisema.

"Basi rudi chuoni kwako. Futa hayo maombi. Leo nimekutazama ukiwa umekaa na mdomo umefumba, unalowa, na nimekupenda kuliko siku zote ulizonifanyia michoro. Usije ukaniharibia."

Jioni alimsindikiza kituoni. Godoro lilikuwa bado bichi na zito mara mbili, wakalibeba wote, yeye mbele, Jembe nyuma. Kondakta alikataa kulipandisha mpaka Kitinda alipomwonyesha jinsi ya kulikunja na kulifunga juu ya gari.

"Ukimaliza chuo nitaleta posa kwenu," Jembe alisema kupitia dirishani. "Nimeshapanga. Nitamtuma mjomba, halafu—"

"Posa nitaleta mimi."

"Wewe? Posa hupelekwa na mwanaume."

"Ndiyo maana nakwambia. Hii usinifanyie."

Abiria wote wa upande ule waligeuka. Jembe alicheka, akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Kitinda alipomaliza, mwaka mmoja baada ya Jembe, alivaa gauni alilolishona mama yake, akaenda kwao Jembe na shangazi yake mmoja aliyeona aibu njia nzima. Baba yake Jembe, mtu wa taratibu zake, aliwasikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, akatafuta namna ya kujibu jambo ambalo hakuwahi kulisikia.

"Tumewaelewa," alisema. "Lakini jambo kama hili si la kujibiwa hapo hapo. Inabidi kwanza tukae kama familia, halafu tumwite kijana, tumuulize kama—"

"Nimekubali," kijana alisema kutoka nyuma ya mlango.