Mbao Zilizofichwa za Mtaa wa Ferrier

Jumamosi saa tano asubuhi, mbele ya duka kubwa la vifaa vya ujenzi magharibi mwa Melbourne, foleni ya soseji za kuchoma zinazouzwa hapo kila wikendi ilikuwa imefika mpaka kwenye matoroli. Tamsin Prowse alikuwa amevaa gauni la kitani rangi ya haradali na buti zilizojaa vumbi la chokaa. Nyuma yake alisimama Heath Rundle, fundi umeme, kaptura ya kazi, magoti yaliyoungua jua, penseli sikioni.

"Dada, kitunguu kinakaa chini ya soseji, siyo juu," Heath alimwambia alipomwona akikipanga upya kwenye mkate wake. "Juu kinadondoka, mtu anateleza, anavunjika kiuno."

"Umetumwa na watu wa usalama?"

"Nimetumwa na njaa. Unachelewesha foleni."

Tamsin akageuka ili ampe jibu linalomstahili, na kitunguu kikamdondoka, pwaa, juu ya buti la Heath.

"Umeona? Hata samahani huna."

"Samahani, buti," akasema Tamsin, akiinamia buti lenyewe.

Basi. Kuna watu hupendana kwa barua na maua, hawa walipendana kwa kitunguu. Kufika Desemba simu zao zilikuwa hazipoi. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula, nimeshiba, nimekukumbuka." "Kwa mpangilio huo?" "Ulitaka nianze na wewe? Nilikuwa na njaa!"

Jumapili moja Heath alimpeleka Mtaa wa Ferrier, kwenye nyumba alimozaliwa baba yake, Merv. Kwa nje ilikuwa haitamaniki: tangu mwaka 1962 ilikuwa imefunikwa mabamba ya kuiga matofali, yenye rangi ya ini. Mzee Merv mwenyewe hakuwepo. Kiharusi kilimwangusha mwaka uliopita, na kiti chake cha magurudumu hakikupita kwenye milango ya nyumba yake, kwa hiyo alikuwa akiishi kwenye makao ya wazee, akihesabu siku za kurudi.

Heath alichukua nyundo akabandua bamba moja kando ya mlango, kwa kutaka tu kumfurahisha mpenzi wake. Tamsin akashika mdomo. Chini yake kulikuwa na mbao za mwaka 1908, nzima, zimechongwa zifanane na mawe ya jumba la tajiri. Palepale mlangoni, kwa penseli, palikuwa na mistari ya urefu wa mtoto: Merv miaka mitano, Merv miaka saba, mpaka kumi na nne.

"Heath, kumbe imelala humu nzima," alisema, akipapasa mbao.

Heath alimbusu shingoni. Alijua kwamba Tamsin huandika ripoti za nyumba kuukuu kwa ajili ya halmashauri. Hakumwambia kwamba wiki hiyohiyo alikuwa amepeleka ombi la kuibomoa, ajenge nyumba yenye milango mipana. Aliogopa jibu. Mwanamume mzima, akaogopa jibu.

Jumatatu Tamsin alifungua faili mezani kwake akaona jina la Heath. Utaratibu ulikuwa wazi: simama, sema una uhusiano na mwombaji, mpe mwenzako kazi. Lakini mwenzake angeona mabamba ya rangi ya ini, angeandika kwamba nyumba imeshaharibiwa, na tingatinga lingepita. Tamsin akafunga mlango, akaandika mwenyewe. Huo ndio ukawa mkosi wao, maana sasa kila mmoja alikuwa na siri, na siri zote mbili zilikuwa ndani ya nyumba moja.

Ripoti ilimfikia Heath Alhamisi. Simu ya Tamsin ikalia akiwa kwenye tramu.

"Ulikuwa unanipenda au ulikuwa kazini?" Sauti ya Heath ilikuwa baridi.

"Heath, nisikilize."

"Mbao zile nani alikuonyesha? Mistari ya baba yangu ipo kwenye ripoti yako, ukurasa wa kwanza, eti ushahidi! Nilikubandulia bamba kwa mapenzi, Tamsin."

"Na ombi la kubomoa ulinificha kwa nini? Umesoma yote lakini?"

"Nimesoma 'kubomoa kusikubaliwe.' Imenitosha."

Akakata. Tamsin akapiga tena mara nne, haikupokelewa. Akashuka vituo viwili kabla ya kwake ili alie akitembea, kwa sababu kwenye tramu watu walikuwa wameanza kumtazama.

Wiki mbili hawakusemezana. Siku ya kikao cha kuamua ombi, saa kumi na moja jioni, Heath aliingia ukumbi wa halmashauri akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi vibaya, akisukuma kiti cha baba yake. Tamsin alikuwa ameketi upande wa maofisa, suti ya kijivu, nywele zimebanwa mpaka macho yalivutika. Hawakutazamana. Walijua tu kila mmoja alipo, kama mtu anavyojua jino linalouma lilipo.

Mzee Merv, kwa kuchoka kusubiri, aliichukua ripoti akaifungua kutoka nyuma kwa mkono wake mmoja mzima.

"Wewe," alinong'ona, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo. "Ukurasa wa kumi na mbili umeusoma?"

"Niliishia wa kwanza, Baba."

"Tangu utoto unasoma maelekezo baada ya kuunguza fyuzi. Soma!"

Heath akasoma. Palikuwa na mchoro. Vyumba vinne vya mbele vibaki, na mbao zake, vioo vyake vya rangi, na jua linalochomoza lililochongwa chini ya paa, alama waliyoipenda mafundi wa miaka ile makoloni ya huko yalipoungana kuwa nchi moja. Jiko na bafu la nyuma, vilivyoongezwa juzijuzi, vibomolewe. Hapo pajengwe chumba kipya, milango ya mita nzima, na mteremko wa kiti kutoka uchochoroni. Pembeni, kwa mwandiko aliouzoea kwenye vikaratasi vya friji, palikuwa pameandikwa: *dirisha la mzee litazame mndimu wake wa uani.*

Masikio yakamwaka moto kwa aibu.

"Ajenda ya sita, Mtaa wa Ferrier," alisema meya. "Kuna yeyote mwenye maslahi ya kutangaza?"

Huwa ni swali la kupita tu. Tamsin akasimama.

"Mheshimiwa Meya, natangaza. Ripoti hii nimeiandika mimi, na mwombaji nampenda. Nilipaswa kusema tangu faili lilipofika mezani kwangu. Sikusema. Kosa ni langu."

Glenys, karani mwenye miwani ya mnyororo, akainua kichwa.

"Fomu inataka aina ya uhusiano. Mume, mwenzi, ndugu, rafiki?"

"Sijui, Glenys. Iache wazi."

"Kwa utaratibu, ripoti inaondolewa mezani," alisema meya kwa upole, "nawe utatupisha."

Tamsin alipita karibu na Heath bila kugeuza shingo. Nje, ukutani karibu na bomba la maji, alisimama akiuma kucha. Alielewa alichofanya. Bila ripoti, hakuna wa kuitetea nyumba. Heath, kama kila mwombaji, alikuwa na dakika tatu za kusema, na akinyamaza tu, kibali cha kubomoa ni chake.

Dakika kumi na tano zilipita. Mlango ukafunguliwa, akatoka Heath, jasho limemtota.

"Wamepitisha?" Tamsin aliuliza.

"Wamepitisha."

Akafumba macho.

"Ukurasa wa kumi na mbili," Heath akaendelea. "Nimeondoa ombi la kubomoa, nikawaomba mchoro wako kwa jina langu. Baba akapiga makofi kwa mkono mmoja, akijipiga gotini. Tamsin, mimi ni mjinga."

"Hilo halihitaji kikao."

"Nilikuficha ombi, nikakutukana, nikakata simu. Nisamehe, laazizi."

"Na mimi nilitumia mistari ya baba yako bila kukuuliza. Nisamehe na wewe." Alikuwa analia, na hakujali nani anaona.

"Lakini kuna tatizo. Ile nafasi uliyoiacha wazi, Glenys kaniuliza ajaze nini. Nikamwambia, 'mchumba'. Anasema hawezi kuandika mpaka na wewe ukubali."

Mlango ukafunguliwa tena. Glenys akatoa kichwa, fomu mkononi.

"Jamani, wameshaanza habari za mapipa ya taka. Niandike nini? Halafu kalamu yangu imekauka."

Heath akatoa penseli sikioni, akampa.

"Fomu za halmashauri haziandikwi kwa penseli," Glenys akalalamika.

"Penseli ya mlangoni kwao imedumu miaka zaidi ya sitini," alisema Tamsin, akiushika mkono wa Heath. "Andika."