Mwito wa Mtu wa Nyuma

Shaka iliingia kwa viatu visivyo na tope.

Jumamosi ya tarehe 9 Machi 2019, kiongozi wa matembezi aliwarejesha wageni wake kutoka njia ya majabali, ile inayouacha mji kwenye ukuta wa bahari, ikapanda hadi mnara wa taa na kuteremkia ufukoni. Kama ilivyokuwa ada, yeye alitangulia, mkewe akafunga mkia. Katika kila kona mke huita, "Nyuma tumetimia," naye hujibu, "Mbele nimesikia," ndipo msafara uendelee. Siku hiyo ukungu uliimeza kona ya mnara. Mwito ukaja, akaujibu.

Wageni walirudi na tope hadi magotini. Viatu vya mkewe vilikuwa vikavu.

"Wewe ulipita juu ya vichwa vya watu?" akamtania.

Mkewe hakucheka. "Nilipita kando, juu ya mawe. Pale konani palikuwa na mtu amesimama njiani. Na ule mwito sikuutoa mimi. Sauti yangu, kinywa si changu. Nawe ukaujibu."

Tangu hapo nyumba ikapoteza utulivu. Chumbani kulinuka mwani uliooza; mke akienda jikoni zilisikika nyayo za watu wawili, za pili zikichelewa kidogo, na mume, aliyekuwa akijifanya kusoma gazeti sebuleni, akawa anamkodolea macho mwenzake wa miaka yote hiyo, akipima mwendo wake, akipima pumzi zake, akijiuliza ni nani hasa aliyemfuata kutoka kule majabalini.

Dada wa mkewe, aliyekuja kuwatazama, alimvuta ukumbini.

"Shemeji, mimi nimelala naye kitanda kimoja tangu utotoni," alinong'ona. "Huyu ni yeye."

"Na zile nyayo nyingine?"

"Hizo ndizo za kuogopa. Wewe umemkazia macho mwenye nyumba, mwizi anazunguka sebuleni."

"Kikulacho ki nguoni mwako, shemeji."

"Haya. Vua nguo basi, ubaki uchi."

Hakushawishika. Alimwendea mganga, mama mmoja mkavu wa maneno, ambaye alimsikiliza hadi mwisho.

"Ni jini. Ulilijibu, ndiyo maana limewafuata," alisema. "Rudini pale pale, mchana. Mkeo atembee nyuma. Mkifika konani, usijibu sauti yoyote, hata ikikulilia. Mkeo atakufuata bila kujibiwa. Jini halitembei bila jibu; ukilijibu tena, litashika nafasi ya mkeo."

Jumamosi ya tarehe 30 walipanda wawili tu. Jua lilikuwa kali na bahari imetulia, lakini walipoikaribia kona ya mnara ndege walinyamaza.

"Nyuma tumetimia," sauti ya mkewe iliita.

Alifumba kinywa, akaendelea kutembea. Nyuma yake akasikia kokoto zikisagika, hatua moja, kisha nyingine, taratibu, kama za mtu mwenye hofu anayejikaza. Na papo hapo, kutoka chini ya genge la mwamba, ikapanda sauti ile ile, ila hii ilikuwa imekauka kwa kiu, ikimwita kwa jina la faragha ambalo mkewe hulitumia wakiwa peke yao, ikisema kwamba imeshikilia mzizi tangu siku ya ukungu, kwamba kucha zimeng'oka, kwamba kila usiku imeziona taa za mji na kumsubiri, na sasa mikono imechoka.

Shaka aliyoilea wiki tatu ikamshinda nguvu.

"Mbele nimesikia," akajibu.

Kokoto nyuma yake zikatulia.

"Ungevumilia kidogo tu," mkewe alisema kwa upole, karibu kabisa na bega lake. "Nilikuwa nakuja."

Aligeuka. Njia ilikuwa tupu hadi mnarani.

Kisha mwanamke akapanda kutoka gengeni, nguo zake zimenyooka, kucha zake nzima. Akamshika mkono.

"Twende nyumbani, mume wangu," alisema. "Dada anatusubiri."