Kilio cha Mukalay

Soko la Dilala lilifurika watu asubuhi ile ya mwaka 1957, na Mukalay, fundi umeme wa mgodini, alikuwa amejificha. Mwanamume mzima, kajibanza nyuma ya magunia ya makaa! Lakini mpenzi wake Laurentine, aliyevaa gauni jeupe la kazi ya dispensari na kitambaa chekundu kichwani, alimwona.

"Kumbe mwana wa mfalme anajificha kwa makala! Repetisyo tatu za mchezo wetu hukukuya. Unasikia haya kusimama na binti wa Kasai, mugeni hapa?"

"Haya gani, sheri? Mi naogopa."

"Unaogopa baba yangu?"

"Naogopa kukulilia."

Basi hapo ndipo yalipotoka. Padri alikuwa akiwafundisha tamthilia ya zamani ya Wafaransa: binti mfalme anakufa, mchumba wake anamlilia. Lakini kwao Mukalay, mtu aliye hai haliliwi hata kwa mzaha. Mama yake alipopata habari alimshika miguu. "Ukimulilia, utamuzika!"

Kicheko kikamkauka Laurentine.

"Baba anakuya leo kuangalia," akasema taratibu. "Amesema mwanaume mwenye kukimbia kazi katikati, asiguse mulango yake. Ukikosa, tumekwisha, Mukalay. Sikia: nitashika kidole yako chini ya shuka. Nikifinya, niko muzima."

Saa tisa alasiri ukumbi wa misheni ulijaa. Mbele aliketi baba yake Laurentine, Tata Badibanga, karani, tai shingoni, uso umekunjwa. Laurentine alilazwa mezani, akafunikwa shuka hadi usoni. Lahaula, alifanana na maiti kweli!

Mukalay akapiga magoti, jasho likimtiririka. Maneno ya kitabu aliyasema vizuri. Kidole kilifinywa. Akaendelea. Kikafinywa tena. Kisha woga ukamzidi, akaanza kulia jinsi wanavyolia kwao, wakimtaja marehemu alikuwa nani wao.

"Muke yangu ee! Mama ya batoto yangu, unaniacha na nani?"

Kidole kikaachiliwa.

Alingoja. Hakufinywa.

"Laurentine?"

Akalivuta shuka kwa nguvu. "Amuka! Mi naomba, amuka!"

Laurentine alikuwa hai, mikono yote miwili mdomoni, machozi yakimlowesha hadi masikioni.

"Umeniita muke," alinong'ona.

Tata Badibanga akasimama.

"Mutoto, hii neno 'muke' iko ndani ya kitabu?"

Padri alifunua kurasa, akatikisa kichwa.

"Hapana, tata," Mukalay akajibu. "Ni neno yangu mwenyewe."

Mzee alimtazama, kisha akamnyoshea kidole.

"Muke, kwanza unamuoa. Siku ya Mungu, kisha misa, ulete bazee ya kwenu."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Padri akapiga makofi: haya, warudie, binti afe upya.

Mukalay alikuwa amekwisha kumshusha Laurentine mezani.

"Hapana, Padri. Huyu hatakufa tena. Utafute mufu mwingine."